Krefishi nyumbani: mwongozo kamili wa kumfuga, kumvusha anapojivua gamba na kumzalisha

Simu ninazopigiwa kuhusu kamba hawa zinafanana kama pacha. "Jana usiku alikuwa anakula vizuri, leo asubuhi nimemkuta chali." Au: "Watoto walitoka zaidi ya mia, wiki ya sita wamebaki wanne." Wenye tangi huwa wanatafuta ugonjwa. Mara nyingi hakuna. Nikiuliza maswali matatu manne tunaishia palepale: mnyama alikuwa anajivua gamba, au alikuwa ametoka tu kujivua, na tangi halikuwa limeandaliwa kwa saa zile.

Kwa hiyo kila hatua iliyo hapa chini, hata ile ya kuchagua changarawe, ina lengo hilo moja: siku akijivua gamba, avuke salama.

Kamba ninayemzungumzia ni yule mwekundu wa Ziwa Naivasha, Procambarus clarkii kwa jina la kitaalamu, ambaye wengi tunamwita krefishi. Kamba wa bluu kutoka Florida, Procambarus alleni, anatunzwa karibu vilevile.

## Kabla hujatoa pesa

Huyu si mnyama wa asili ya huku. Bara la Afrika halina krefishi wake wa asili; wa asili wako Madagaska tu, na hao ni jamii nyingine kabisa. Kabla ya kumbeba akiwa hai kutoka ziwani, pita ofisi ya uvuvi ya kaunti uulize kibali kinachotakiwa. Msomaji aliye katika nchi za Umoja wa Ulaya aishie hapa: tangu 2016 ni marufuku huko kumfuga, kumzalisha au kumuuza.

## Vitu vya kuandaa

- Tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 60 na upana wa 30 kwa kamba mmoja. Ukitaka kuzalisha, tafuta la pili, na beseni kubwa au tangi la tatu kwa watoto.
- Kifuniko kinachofunga kweli, na kitu cha kukilemea.
- Pampu ya hewa na filta ya sponji. Filta za kunyonya kwa nguvu humeza watoto.
- Changarawe laini, sentimita 3 hadi 5, iliyooshwa hadi maji yatoke meupe.
- Vipande vya bomba la plastiki la inchi 2, urefu wa sentimita 15. Viwe viwili kwa kila kamba.
- Makombe yaliyosagwa, yale yanayouzwa agrovet kwa ajili ya kuku wa mayai, au mfupa mweupe wa dome (jamii ya pweza) unaookotwa ufukweni.
- Vipimo vya maji: amonia, naitriti, pH (kiwango cha asidi) na ugumu wa maji (wingi wa kalsiamu na madini ya aina yake).
- Kipimajoto, na ndoo mbili ambazo hazijawahi kuona sabuni.

Tangi likitengenezwa na fundi wa vioo mtaani, mwambie atumie silikoni ya kawaida isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Ile ya bafuni ina sumu inayovuja majini pole pole, na utakuja kulaumu chakula bure.

## Hatua ya 1: Panga tangi na ulifunge

Mwaga changarawe, weka mabomba ukutani, kisha ongeza tofali la matundu au vipande vya vigae. Chimba kwa mkono uhakikishe kila kizito kimekalia sakafu ya kioo. Kamba huchimba. Tofali lililokaa juu ya changarawe litamwangukia siku yupo chini yake.

Acha kitu kimoja kinachofika karibu na uso wa maji, jiwe au mzizi. Stima ikipotea usiku kucha pampu inasimama na hewa majini inapungua. Kamba huyu hupanda hadi juu, akalala ubavu na kuvuta hewa ya nje. Bila ngazi ya kupandia, hawezi.

Ngazi hiyohiyo ndiyo njia ya kutorokea, basi funga juu. Tundu la kupitisha mpira wa hewa liwe dogo kuliko kichwa chake, maana huo mpira anaupanda kama mnazi. Ukimkuta sakafuni akiwa na vumbi lakini anasogea, usimtupe majini kwa pupa. Mweke kwenye maji ya kina kifupi yanayofika nusu ya mwili, aingie mwenyewe, ili hewa itoke kwenye matamvua, yaani viungo vyake vya kupumulia.

Umefaulu kama: ukitikisa tangi kidogo hakuna kinachosogea, na kifuniko hakiinuki kwa kidole kimoja.

## Hatua ya 2: Tengeneza maji yenye kalsiamu

Hapa ndipo Nairobi inapotuangusha. Maji ya mfereji yanayotoka milima ya Aberdare ni laini, yana madini kidogo. Kwa kufua ni raha. Kwa mnyama anayejenga gamba jipya kwa kalsiamu ni njaa. Maji ya kisima nayo yasikudanganye kwa ladha ya magadi, kwa sababu visima vingi vya jiji vina sodiamu tele na kalsiamu kidogo.

Kama huna kipimo, angalia birika. Ukoko mweupe ndani yake baada ya miezi kadhaa maana yake maji yana kalsiamu. Birika safi kama jipya maana yake ongeza.

Namna ya kuongeza: jaza makombe yaliyosagwa ndani ya soksi ya nailoni, kiasi cha ngumi moja kwa lita 60, osha, funga, laza karibu na filta. Makombe huyeyuka taratibu na hupunguza mwendo yenyewe maji yakishatosheka, kwa hiyo ni vigumu kuzidisha. Lenga pH ya 7 hadi 8 na ugumu wa jumla wa digrii 8 hadi 15.

Onyo: chokaa ya kupaka ukuta siyo mbadala. Hiyo hupandisha pH ghafla na kuua kila kilichomo kabla hujamaliza kukoroga.

Klorini: acha maji ndani ya ndoo wazi siku moja hadi mbili, au tumia dawa ya kuondoa klorini inayouzwa maduka ya samaki wa mapambo. Dawa ya aina nyingine yoyote ya samaki soma lebo kwanza. Yenye shaba ni sumu kwa kamba.

## Hatua ya 3: Subiri wiki nne hadi sita

Washa filta, tia chembe chache za chakula cha samaki kila siku, na usiweke mnyama. Chakula kikioza hutoa amonia. Bakteria wa kuila huota kwenye sponji na kuigeuza naitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine huota wa kula naitriti hiyo. Bila wao, uchafu wa kamba mwenyewe utamchoma matamvua, na aliyechomwa matamvua hana nguvu ya kujivua gamba.

Ukiwa na rafiki mwenye tangi la siku nyingi, muombe akukamulie sponji yake ndani ya maji yako. Utaokoa wiki mbili au tatu.

Umefaulu kama: vipimo vya amonia na naitriti vinasoma sifuri siku tatu mfululizo huku bado unatia chakula.

## Hatua ya 4: Mlete, mmoja tu

Msafirishe ndani ya kitambaa kilicholowa, kwenye kasha lenye baridi kiasi, si ndani ya ndoo iliyojaa maji. Maji machache yasiyo na pampu huisha hewa njiani, ilhali kamba mwenye matamvua mabichi hustahimili saa kadhaa.

Ukifika, mweke kwenye bakuli la maji yake mwenyewe au maji kidogo ya kina kifupi, ongeza kikombe cha maji ya tangi kila baada ya dakika 10 kwa saa nzima, kisha muhamishe. Mshike mgongoni, nyuma ya magando, kwa vidole viwili. Hapo hawezi kukufikia.

Usimchanganye na samaki. Samaki anayelala chini ataliwa usiku, na samaki mwenye udadisi atamdonoa kamba siku gamba ni laini. Watu hunibishia, wananionyesha video za matangi mazuri yenye kila kitu. Nawaambia wanipigie baada ya miezi mitatu.

Joto la nyumba la nyuzi 20 hadi 25 linatosha. Julai ya Nairobi ikishusha maji hadi 17 atapoa, atakula kidogo, lakini hafi.

## Hatua ya 5: Mlishe jioni, toa mabaki asubuhi

Chakula cha msingi ni majani: sukuma wiki au mchicha uliochemshwa dakika moja, kipande cha karoti, njegere zilizomenywa. Majani makavu ya mti wa mkungu, kwa walio Pwani, ni hazina; loweka, weka mawili matatu, atayatafuna wiki nzima. Majani ya mpera yanafaa pia, mradi mti haujapuliziwa dawa.

Nyama, yaani kipande cha samaki au dagaa walioloweshwa chumvi ikatoka, mara mbili kwa wiki, ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Wageni huzidisha nyama kwa sababu anaipenda. Matokeo yake maji yanachafuka, naye anakua upesi na kujivua gamba mara nyingi kuliko kalsiamu inavyoruhusu.

## Hatua ya 6: Mvushe salama anapojivua gamba

Soma sehemu hii mara mbili.

Gamba la kamba halikui. Ili aongezeke mwili lazima alivue lote: magando, miguu, ngozi ya macho, hata utando wa ndani ya tumbo. Mdogo hujivua kila wiki moja au mbili. Mkubwa mara chache kwa mwaka.

Dalili. Anaacha kula siku mbili hadi tano. Anajificha bombani hata usiku. Rangi inafifia kama shati lililofuliwa mara nyingi. Halafu ile ya uhakika: pale gamba la mgongo linapokutana na mkia panafunguka mstari mweupe. Huku nje akionekana mgonjwa, ndani anaweka akiba. Kalsiamu aliyoifyonza kutoka gamba la zamani ameikusanya tumboni kama vijiwe viwili vyeupe.

Fanya hivi ukiona dalili. Toa nyama yote. Toa kamba mwenzake kama yupo, na usingoje kesho. Punguza mwanga. Usibadilishe maji, usihamishe bomba, usioshe filta. Mabadiliko ya ghafla ya maji katikati ya kazi hii ndiyo yanayonifanya nipokee zile simu za asubuhi.

Inavyokuwa. Usiku mmoja nilikaa na tochi yenye karatasi nyekundu nikamtazama jike wangu wa kwanza. Alilala ubavu, nikadhani amekwisha. Miguu ikatetema. Mstari ule mweupe ukapanuka, mgongo mpya ukasukumwa nje ukiwa mweusi na unang'aa kama plamu iliyolowa, kisha macho yakatoka, na sharubu zikavutwa pole pole kama mtu anatoa uzi kwenye tundu la sindano. Alipumzika. Akapiga mkia mara moja, akawa nje. Dakika zile za mwisho hazikufika tano, lakini maandalizi yalichukua karibu saa nzima.

Asubuhi tangi lilikuwa na kamba wawili. Mmoja alikuwa gamba tupu, limekamilika hadi kucha. Mgeni wangu aliliona akasema pole kwa msiba, mkono tayari uko majini kulitoa. Nikamzuia. Usitupe gamba. Kamba atalila siku zinazofuata, na kalsiamu iliyomo ndiyo ya kukazia jipya. Kabla hujalia, inua kwa kijiti: gamba tupu ni jepesi na linapitisha mwanga, mzoga ni mzito na unanuka.

Baada yake. Siku tatu hadi tano mwili ni laini kama jibini. Hawezi kujitetea wala kupigana. Acha kula kwake kukuongoze: akitoka mwenyewe kuomba, mpe jani.

Ikikwama. Amelala ubavu zaidi ya saa mbili, nusu ndani nusu nje? Ongeza hewa ya pampu, basi. Usivute. Gamba lililoshika kwenye gando likivutwa hutoka na gando, au na matamvua, na hiyo ya pili haina dawa. Gando lililopotea huota tena, dogo kwanza, likikua kila anapojivua.

Onyo ambalo nililipia mwenyewe: dawa ya kupuliza ya mbu. Nilipuliza sebuleni jioni, nikafunga milango kama lebo ilivyosema, pampu ikaendelea kuvuta hewa ya chumba na kuisukuma majini. Asubuhi wote watatu walikuwa chali. Dawa hizo zimetengenezwa kuua wadudu, na kamba ni binamu wa karibu wa mdudu. Tumia neti. Lazima upulize? Zima pampu, funika tangi kwa plastiki, na fungua madirisha kabla ya kuiwasha tena.

Umefaulu kama: amejivua mara mbili mfululizo akiwa na viungo vyote. Usifikirie kuzalisha kabla ya hapo.

## Hatua ya 7: Tambua dume na jike

Mgeuze tumbo juu. Dume ana vijiti vigumu vilivyolazwa kuelekea mbele, katikati ya miguu, pale mkia unapoanzia. Jike hana, vyake ni viguu laini vinavyopepea. Pia ana kitundu cha duara kwenye shina la mguu wa tatu, ukihesabu gando kuwa la kwanza. Ukubwa wa magando usiuamini peke yake.

Wanaweza kuzaa kuanzia urefu wa sentimita 6 hivi. Mimi husubiri jike afike 8, maana jike mdogo hutaga machache na huchoka.

## Hatua ya 8: Wapandishe, kisha watenganishe

Chagua wawili wanaokaribiana ukubwa, wenye magamba magumu. Weka kizuizi cha wavu katikati ya tangi siku tatu wanusane. Jioni ya nne ondoa wavu, ukae hapo.

Dume humkamata jike magando, humpindua chali, na wakatulia dakika kumi hadi saa kadhaa. Jike aliyekubali hulegea kabisa, mkia umekunjwa. Akipigana na kukimbia kila anaposogelewa, rudisha wavu ujaribu wiki ijayo.

Wakimaliza, mtoe dume usiku huohuo. Jike huhifadhi mbegu na anaweza kutaga baada ya wiki, au miezi. Anayemwacha dume "ili kuwe na uhakika" hupata jike aliyekatwa gando.

## Hatua ya 9: Jike mwenye mayai

Siku chache kabla ya kutaga utamwona akijisugua chini ya mkia kama anaosha sufuria. Madoa meupe hutokea hapo. Halafu asubuhi moja mkia umekunjwa, na ndani yake kuna kichala cheusi kama zabibu ndogo. Jike mkubwa hubeba mia kadhaa.

Mwache. Asihamishwe, asinyanyuliwe kuonyeshwa wageni. Akishtuka hupiga mkia na mayai hudondoka. Majani tu, na hewa nyingi. Anapopepea mayai na kuchomoa yaliyoharibika, ambayo hugeuka rangi ya chungwa au kuota ukungu, anafanya kazi ambayo wewe huiwezi.

Kwenye nyuzi 22 hadi 25 mayai huanguliwa baada ya wiki tatu hivi. Watoto hubaki wamemng'ang'ania mama hadi wajivue gamba mara mbili, ndipo wanaanza kushuka. Ukiona wengi wanatembea changarawe, mtoe mama siku hiyo.

## Hatua ya 10: Watoto, na kwa nini wanabaki wanne

Watoto hawa hujivua gamba mara kwa mara, na si kwa zamu. Kila usiku kuna walio laini na walio wagumu, na mgumu humla laini. Ndiyo siri yote ya wale wanne. Chakula zaidi peke yake hakitatui. Kinachotatua ni mahali pa kujificha kupita idadi yao.

Mbinu yangu ni mifuko ya wavu ya vitunguu. Ioshe, ikunjekunje, jaza theluthi ya tangi. Ongeza majani makavu, vipande vya mirija ya kunywea na vigae vilivyopangwa ngazi ngazi. Tangi litakuwa baya kutazama, na ukiona sakafu basi bado hujajaza.

Walishe kidogo mara mbili kwa siku: chakula cha samaki kilichosagwa, mchicha uliochemshwa, viluwiluwi vya mbu. Badilisha maji asilimia 10 kila baada ya siku mbili, kwa maji yenye joto lilelile. Soksi ya makombe iwe mpya.

Kila wiki mbili watenge kwa ukubwa. Mmoja aliyekua maradufu kuliko wenzake hakukua kwa mchicha.

Umefaulu kama: wiki ya nane unabaki na theluthi. Mimi nikifika hapo nafurahi.

## Hatua ya 11: Panga ziada mapema

Watoto mia hawatoshi sebuleni kwako, na hawaruhusiwi kuishia mtoni, bwawani wala kwenye mtaro. Krefishi waliwekwa Naivasha mwaka 1970 kwa ajili ya uvuvi. Wakatafuna mimea ya majini, na mayungiyungi yakapotea sehemu kubwa ya ziwa. Na jike mmoja tu aliyehifadhi mbegu akifika majini anatosha kuanzisha kizazi, bila hata dume.

Wape wafugaji wenzako wenye kibali, au wapike uwale. Waweke ndani ya barafu hadi wazimie, kisha maji yanayochemka. Hao wa tangini usiwale kama umewahi kutia dawa yoyote.

Na siku ya kubadilisha maji, yamwage kwenye maua ya uani, yakipitia chujio la chai. Mtoto aliyetoka kwa mama ni mdogo sana. Mimi nilishawahi kumwokota mmoja mlangoni pa bomba la sinki.